Mtaa Wetu Juu ya Hadibodi

Enzi zetu, kitu cha kuwaka na kuimba kwa pamoja hakikununuliwa dukani. Kilitengenezwa, na mara nyingi kilitengenezwa na mtoto aliyekwisha kukatazwa. Nayasema haya mapema kwa sababu tukikutana siku hizi, sisi wa rika moja, mazungumzo huanza na mpira wa kati, yakaingia michezo ya brikicho na kalongolongo, yakafika kwenye mkate wa siagi tuliogawana huku tukipimana kwa macho, kisha mtu huguna na kusema, "Lakini tulikuwa tunacheza tu." Mimi nakataa. Wengine walicheza. Mimi na rafiki yangu Wangui tulikuwa kazini.

Kabiria yetu, pembezoni mwa jiji, wakati huo ilikuwa nusu mtaa, nusu shamba. Ukitoka kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga unapita kwenye mboga za sukuma wiki za mtu, unaruka mfereji, unaingia ploti nyingine. Mvua ikinyesha, matope mekundu yaliwavua watu viatu. Jua likiwaka, vumbi lile lile lilikaa kwenye kola za shati hadi sabuni ikate tamaa. Mashine ya kusaga mahindi ilianza kunguruma asubuhi, na harufu ya unga wa moto ilitufikia tukiwa bado tunanawa uso kwenye bomba la pamoja. Ploti ilikuwa ya Baba Wangui, mzee aliyezaliwa hapo hapo, mwenye ng'ombe wa maziwa na maneno machache. Sisi tulikuwa wapangaji wake. Wazazi wangu walitoka Bungoma, na katika chumba chetu kimoja tulilala, tukapika, tukasali, na mimi nikapasua redio mbovu tumbo.

Baba alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Alirudi jioni na makopo yenye mabaki chini: buluu ya kliniki fulani, krimu ya sebule ya mtu tajiri, wekundu wa mlango wa bucha. Mama alifanya kazi ya nyumba kule Loresho kwa matajiri. Kila Krismasi ilipopita, familia aliyoifanyia kazi ilizitupa kadi zao, na mama, ambaye hakuamini katika kutupa, alizileta nyumbani. Baadhi ya kadi hizo zilikuwa zinaimba. Unafungua, kakinanda kembamba kanalia, unafunga, kananyamaza. Wewe wa rika langu unazikumbuka.

Kadi ya kwanza iliponyamaza kabisa, nililia. Mama akanitupia kisu cha meza. "Kitu kikinyamaza usikitupe kabla hujakipasua tumbo," akasema, akaendelea kuchambua mboga. Nikapasua. Ndani mlikuwa na kijisahani chembamba cha shaba, betri kama kifungo cha shati, na tone jeusi la kitu kigumu ambalo ndilo lililokuwa linaujua wimbo. Betri ilikuwa imekufa. Nikachukua betri kubwa ya tochi, nikashikiza waya kwa vidole viwili, na wimbo ukarudi. Sijawahi kumwona mchawi, lakini siku hiyo niliwaelewa wanaomwogopa.

Shida ilikuwa betri. Hakuna mzazi aliyenunua betri mpya kwa ajili ya upuuzi wa mtoto. Tuliokota zilizokwisha, tukazianika juu ya mabati saa za jua kali, tukizigeuza kama mtu anayegeuza samaki wa omena. Nyingine tulizibonyeza kwa meno, na mama alikuwa akipiga kelele kutoka mlangoni, "Nekesa! Utakula sumu ufe na bado vyombo hujaosha!" Betri ikikaa juani siku nzima ilifufuka kidogo. Kijana wa leo simu yake ikibaki na moto kidogo anaitisha chaja kama mgonjwa anayeitisha dripu.

Wangui, binti wa mwenye ploti, yeye alikuwa wa kuchora. Alichora kwa makaa kwenye ukuta wa zizi la baba yake, akachapwa, akachora tena pale pale alipochapiwa. Baba yake alikuwa na msemo mmoja juu ya jambo hilo: "Mchoro hauliwi." Aliusema akikamua, aliusema akitoka kanisani. Wangui akaendelea kuchora. Alikuwa mtoto wa kimya, mwembamba, mwenye jicho la kukamata mtu. Alikuwa na uwezo wa kukuchora ukiwa umempa mgongo na kila mtu akajua ni wewe.

Tulipofika darasa la saba, shule yetu ikatangaza siku ya maonyesho. Wazazi wangekuja, na mgeni kutoka ofisi ya elimu. Kungekuwa na meza za Sayansi na meza za Sanaa na Ufundi, na atakayeshinda kwenye Sayansi angewakilisha shule kwenye mashindano ya mbele. Msichana wa ploti kuwakilisha shule! Nilikuwa sijawahi kuwakilisha hata darasa kwenye kuimba.

"Tutengeneze nini?" nikamuuliza Wangui.

Akatazama barabara. "Hapa," akasema. "Tutengeneze hapa."

Basi tukatengeneza Kabiria. Baba alitupatia hadibodi, ubao mwembamba uliokuwa mgongo wa kabati la mtu, na mabaki yake ya rangi. Wangui akachora mtaa mzima ukiwa Jumamosi jioni: bomba na foleni ya mitungi, bucha na nyama zimening'inia, kanisa la mabati, duka, mashine ya kusaga, kuku wa jirani yetu Mama Otieno ambao hawakuwa na nidhamu hata kwenye picha, na juu kabisa, kama ilivyostahili, nyumba ya mawe ya baba yake na lango lake. Mimi nikatoboa matundu kwa msumari wa moto kutoka kwenye jiko, nikapachika balbu za tochi mahali pa madirisha. Kila balbu tuliivisha karatasi ya peremende. Bucha ikawaka nyekundu. Kanisa likawaka manjano. Chini tulipanga vifuniko vya soda vilivyofunikwa karatasi ya kung'aa kutoka pakiti za sigara. Ukikibonyeza kifuniko, sehemu yake inawaka, na nyingine zinatoa sauti.

Sauti ndiyo iliyotutoa jasho. Kadi zilitupa nyimbo tatu tu. Wimbo mmoja tuliupa kanisa, mwingine duka, wa tatu nyumba ya Baba Wangui, kwa heshima. Vijisahani vya kadi vilikuwa na sauti ya mbu, mpaka nilipovigandisha chini ya kopo tupu la mafuta ya kupikia, sauti ikapanuka ikajaa chumba. Lakini mashine ya kusaga haikuwa na wimbo. Ilihitaji kunguruma. Mwalimu wetu wa Sayansi, Mwalimu Kamande, alikuwa ametufundisha kwamba waya ukizungushiwa msumari na kupitishwa umeme, msumari unakuwa sumaku. Nikachomoa waya mwembamba kutoka kwenye redio iliyokufa, nikauzungusha kwenye msumari hadi vidole vikachubuka, nikaweka kipande cha msumeno wa kukatia chuma juu yake, kikigusa ncha ya waya. Msumari ukiuvuta msumeno, mguso unakatika. Ukikatika, msumeno unarudi. Ukirudi, unavutwa tena. Nilijaribu mara nyingi ukakataa. Ukanuka moshi. Ukaunguza kitambaa cha meza cha mama. Kisha alasiri moja, Wangui akiwa ameshikilia betri kwa mikono miwili, msumeno ukaanza: *grrrrrr!* Kabisa kama mashine ya kusaga. Jirani aliyekuwa nje akauliza, "Kwani leo wamesaga mpaka saa hii?"

Tulirukaruka tukaangusha sufuria.

Siku chache kabla ya maonyesho, Mwalimu Kamande alikuja kukagua kazi. Alikuwa kijana bado, msafi, shati limepigwa pasi hadi likakatika mistari. Akabonyeza kifuniko cha mashine ya kusaga. Akabonyeza tena. Nikaona uso wake ukitaka kucheka, halafu akaukamata.

"Sasa hii kitu yenu," akasema, "ni Sayansi ama ni picha?"

"Ni zote mbili, mwalimu," nikasema.

"Hakuna meza ya zote mbili." Akainama, akaangalia nyuma ya ubao, mahali waya zilipokuwa. Alikaa huko muda mrefu. Aliponyanyuka sauti yake ilikuwa imelegea. "Nekesa, huu mngurumo umeutengeneza vizuri sana. Sikiza. Toa hiyo hadibodi na marangi. Toa hizo nyimbo za kadi. Acha msumari, waya, betri na balbu moja, kwenye kibao safi. Nitakupatia meza ya mbele kabisa."

"Na Wangui?"

"Wangui amechora tu. Hii ni Sayansi."

Tukaenda kwa mwalimu wa Sanaa. Huyo hata hakubonyeza. Alirudi nyuma hatua moja akashika kifua. "Na hizo waya? Nipigwe shoti mbele ya wageni?" Tukamweleza kwamba ni betri za tochi, zilizoanikwa juu ya mabati kwanza. "Toeni stima," akasema, "mbaki na picha. Picha ni nzuri."

Jioni hiyo tulikaa kwenye ngazi ya nyumba yao, ubao katikati yetu. Wangui alikuwa anachokonoa rangi kwenye kucha.

"Chukua meza," akasema. "Mimi nitaelewa."

"Uelewe nini?"

"Kwamba wewe ndiye utashinda. Mimi sitashinda na hata nikishinda baba hatakuja."

Naandika haya nikiwa mtu mzima, na nimeshaona watu wakiacha mambo makubwa kwa sababu ndogo. Sikuwa shujaa. Nilikuwa na hasira tu. Nilikuwa nimetazama ule ubao ukiwaka, nikajua kwamba msumari peke yake kwenye kibao safi ungekuwa kelele tu. Ulikuwa mashine ya kusaga kwa sababu Wangui alikuwa amechora mlango wake na mwanamke mwenye karai anayesubiri nje. Na yule mwanamke alikuwa picha tu mpaka mashine iliponguruma.

"Hatubandui kitu," nikasema. "Wakitunyima meza, tutatafuta yetu."

Nje ya lango la shule palikuwa na mama aliyeuza viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, tukimwita Mama Viazi. Siku ya maonyesho tulimwendea na ubao umefunikwa leso ya kujifunga ya mama yangu. Tulipomweleza, alitazama lango, akatutazama sisi, akasukuma karai lake kando. "Wekeni hapo. Lakini mtu akitaka viazi, mpishe."

Wazazi walianza kufika. Wa kwanza alisimama kwa ajili ya viazi, akaona bucha ikiwaka nyekundu. "Haki hii ni bucha ya hapa chini!" Akamwita mwenzake. Mwenzake akajitafuta kwenye foleni ya bomba, akajipata, akadai kwamba yeye si mnene hivyo. Watu wakaanza kugombea vifuniko. Kila mtu alitaka kubonyeza nyumba yake, na aliyekosa nyumba yake alimlaumu Wangui kwa uchungu wa kweli, kama aliyesahauliwa kwenye harusi. Ndani ya uwanja walimu walisimama kando ya meza zao zilizotandikwa vitambaa vyeupe, wakiangalia langoni. Gari la mgeni lilipita likapiga honi ili watu wapishe. Mgeni hakushuka wala hakuangalia. Lakini watu waliopisha gari walirudi pale pale kwenye ubao.

Kisha nikamwona Baba Wangui. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Wangui akanishika mkono akaubana.

Mzee alipenya taratibu, watu wakimpisha. Akainama mikono ikiwa mgongoni, akautazama mtaa wote kutoka chini kwenda juu, mpaka akafika kwenye nyumba yake. Akabonyeza. Dirisha likawaka, wimbo ukalia. Akasubiri hadi ukaisha. Halafu akasogeza uso karibu zaidi.

"Hili lango," akasema, "mbona limeinama?"

Wangui akanyoosha kidole. "Ndivyo lilivyo, baba. Bawaba ya chini imekatika."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akaenda zake, na Jumamosi iliyofuata tulimsikia akigonga nyundo asubuhi nzima langoni kwake.

Mwalimu mkuu ndiye aliyekuja kutumaliza. Alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya kusimamisha paredi. Alisema tumeiaibisha shule mbele ya mgeni, tumefanya maonyesho yetu wenyewe kama wachuuzi. Ubao ukachukuliwa, ukafungiwa stoo pamoja na madawati mabovu. Sisi tukapiga magoti mbele ya wanafunzi wote, kisha tukafyeka nyasi hadi malengelenge yakapasuka. Meza ya mbele ya Sayansi alipewa mtu mwingine, mwenye volkeno ya udongo.

Baba alisema tuwache, shule ni shule. Baba Wangui akasema vivyo hivyo kutoka ng'ambo ya ua, kwamba mwalimu mkuu ameshaamua. Mama alikuwa anaanua nguo. "Baba Wangui, wewe ni mwenye nyumba na nakuheshimu," akasema bila kugeuka. "Lakini hiyo mbao si nyumba yako. Kesho naenda."

Aliomba ruhusa Loresho, akavaa gauni lake la Jumapili, akanishika mkono. Ofisini alisalimia kwa upole, akakataa chai.

"Mama Nekesa, shule ina utaratibu," mwalimu mkuu akaanza.

"Nimesikia, mwalimu. Hawa watoto walikosea, umewaadhibu, na mimi nimesema asante. Sasa hiyo mbao ilimkosea nani?"

"Pardon?"

"Mbao. Yenyewe haikujibu mtu vibaya. Mbona imefungwa?"

Mwalimu mkuu akavua miwani. Akasema tutarudishiwa mwisho wa muhula. Mama akaitikia kwa kichwa, akatoka, akaketi kwenye benchi la nje ya mlango ule ule. Akatoa kwenye mkoba uzi na sindano yake ya kufumia vitambaa vya makochi.

"Mama, mwisho wa muhula bado," karani akamwambia.

"Najua. Nitangoja nikiwa nimekaa."

Na akakaa. Alimsalimia kila mwalimu aliyepita, kila mzazi, kila mtoto aliyetumwa chaki. Aliyeuliza anangoja nini alijibiwa kwa sauti ya kawaida, "Nangoja mbao ya mtoto." Mwalimu Kamande alipita mara ya kwanza akaangalia chini. Mara ya pili alisimama, akaingia ofisini, akafunga mlango. Hatukusikia alichosema. Kitambaa kilikuwa kimefika ukubwa wa sahani. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia, Mwalimu Kamande alitoka pale ofisini na ufunguo wa stoo.

Mama alikunja leso akatengeneza ngata, akajitwika ubao kichwani, uso wa ubao ukitazama mbele kama televisheni. Tulipofika barabarani, kitu ndani kililegea kikagusana, na mashine ya kusaga ikaanza kunguruma yenyewe. Balbu ya bucha ikawaka mchana kweupe. Watu wakasimama kwenye milango ya maduka. Nikaona haya, nikanyoosha mkono nizime.

"Wacha," mama akasema. "Imenyamazishwa vya kutosha."

Tukapita Kabiria yote tukinguruma.

Ubao uliishi karibu na bomba, ukutani, na watoto wa ploti waliubonyeza hadi mvua ndefu zilipoivimbisha hadibodi na rangi ikaanza kumenyeka. Wangui leo anapamba majukwaa ya harusi kwa taa na vitambaa, na bado hasemi mengi. Baba yake alifariki, na kwenye mazishi niliona ni Wangui aliyechora picha yake iliyowekwa mbele. Mama amerudi Bungoma. Mimi ni karani katika ofisi moja katikati ya jiji, na meza yangu ya jikoni ina alama za kuungua kwa waya za moto ambazo mume wangu amezizoea.

Watoto wetu wana bahati, watu husema. Siku hizi mtaala wenyewe unataka watengeneze vitu, wachore, waimbe, waunganishe. Nilipousikia mara ya kwanza nilitaka kucheza densi. Halafu nikaingizwa kwenye kikundi cha wazazi kwenye simu. Watoto walikuwa wameambiwa watengeneze ala ya muziki. Kabla jioni haijafika, mzazi mmoja alikuwa ameweka picha: kuna jamaa mjini anaziuza zikiwa tayari, zina taa, zinaimba ukibonyeza. "Tuagize za darasa lote, ziwe sawa," akaandika. Wote wakaitikia kwa vidole gumba. Nikaandika kwamba binti yangu atatengeneza yake.

"Mama Naliaka, please usituharibie," mmoja akajibu. "Hawa watoto hawana time."

Hawana muda! Watoto wanaoweza kutazama simu tangu uji hadi ugali, hadi shingo zikainama kama alizeti jioni! Sisi tuliteka maji, tukaosha vyombo, tukafukuza kuku wa watu, na bado tulipata muda wa kuchubua vidole kwa waya. Enzi zetu tulikuwa na mikono, tukanyimwa meza. Hawa wamepewa meza hadi za kumwaga, na sisi wazazi ndio tunaoificha mikono yao mifukoni. Siwalaumu watoto. Lawama ni yetu sisi tuliofyeka nyasi kwa ajili ya jambo hili, kisha tukasahau lilikuwa jambo.

Binti yangu Naliaka alitengeneza yake kwa mkebe wa biskuti, mipira ya kufungia pesa, na taa ndogo aliyoing'oa kwenye tochi iliyovunjika. Ukivuta mpira, mkebe unalia na taa inapepesa. Aliupaka rangi mwenyewe, zambarau, na akachora nyanya yake, yaani mama yangu, pembeni akifuma. Ala yenyewe ilikuwa imeinama upande. Kwenye kabati la darasa ilisimama peke yake kando ya safu ya zile nyingine, zote za buluu, zote zikiimba wimbo mmoja.

Alirudi nyumbani na alama. Chini ya kazi yake mwalimu alikuwa ameandika, "Anakaribia matarajio." Wale wengine wote walikuwa wameyafikia. Alinisomea kwa sauti akiwa bado na begi mgongoni, akarudia neno la mwisho kana kwamba lina mfupa.

"Mum, matarajio ya nani?"

Nikamvua begi nikaliweka mezani. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaketi sakafuni, amefungua mkebe, anautazama ndani.

"Taa inachelewa," akasema. "Niletee bisibisi."

Nikamletea.